Picha za Mirihi kutoka obiti: hii bluu imetoka wapi, na naipataje rangi mwenyewe?

MwlJografia

Wakuu, habari za saa hizi. Nafundisha Jografia sekondari huku Singida, na muhula huu ukuta wa nyuma wa darasa nataka uwe wa sura ya nchi: mabonde, volkeno, matuta ya mchanga, ya hapa duniani na ya sayari nyingine. Nimeshusha picha kadhaa za HiRISE, ile kamera iliyo kwenye chombo cha Marekani kinachoizunguka Mirihi. Iliyonivutia kuliko zote ni ya matuta ya mchanga ndani ya kasoko ya Proctor. Matuta yamefuatana, migongo yake ina mikunjo midogo midogo ya upepo, na rangi yake ni bluu iliyokolea juu ya ardhi ya rangi ya machungwa.

Nilipoiweka kwenye projekta, mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili akauliza, "Mwalimu, hayo ni maji?" Mwenzangu wa Fizikia aliyekuwa mlangoni akajibu kwamba rangi hizo watu huzipaka kwenye kompyuta, Mirihi yenyewe ni nyekundu tupu. Darasa likanigeukia mimi, na sitaki kuwapa jibu la kubahatisha.

Naomba wajuvi mnisaidie. Bluu hiyo ni ya kweli? Kwa nini kwenye picha nyingi rangi iko kwenye ukanda mwembamba wa katikati, pembeni kote ni kijivu? Na je, mtu mwenye laptopu ya kawaida na bando la kuhesabu anaweza kutengeneza picha ya rangi mwenyewe kutoka kwenye hizo za kijivu? Ningependa wanafunzi waone ikitengenezwa, wasione tu iliyokwisha kutengenezwa.

Nawasilisha.

Nungunungu

Mwalimu, kwa ninavyofahamu kamera za vyombo vya anga hupiga nyeusi na nyeupe. Rangi huongezwa baadaye huku duniani. Kwa hiyo mwalimu wa Fizikia hajakosea sana. Mimi binafsi ningebandika ya kijivu ukutani, hiyo angalau najua haijaguswa na mtu.

BiRamani

Mwalimu, karibu. Kazi yangu ya kila siku ni picha za setilaiti. Naandaa ramani za malisho na za mafuriko hapa Dodoma, na usiku nikipata nafasi nazifungua hizo za HiRISE kwa mapenzi tu. Nitaandika kwa kirefu, univumilie. Huyo mtoto aliyeuliza kuhusu maji ameuliza swali zuri na anastahili jibu kamili.

Si maji. Ni mchanga mweusi wa basalti, yaani mwamba wa volkeno uliosagika. Ungesimama pale kwa miguu yako ungeuona wa kijivu kizito kinachoelekea kahawia. Bluu imetokana na namna vipimo vya kamera vilivyogawiwa rangi za skrini, na ugawaji huo una sababu zake.

Nungunungu amesema kweli kwamba kamera hurekodi nyeusi na nyeupe, ila hata kamera ya simu yako iko hivyo hivyo. Chipu yake inahesabu mwanga, basi. Juu ya kila pikseli kuna kichujio kidogo, chekundu au kijani au bluu, na rangi unayoiona hupatikana kwa kulinganisha hesabu za pikseli jirani. Kwa hiyo hata hiyo ya kijivu imeguswa: imepita kwenye kichujio chekundu, imesawazishwa, imeongezwa kontrasti. Ukipewa picha ya rangi ya sayari yoyote, cha kuuliza ni vichujio gani vilitumika, na kila kimoja kimewekwa kwenye rangi ipi ya skrini. Picha inayokujibu maswali hayo mawili unaweza kuiamini hata kama rangi zake ni za ajabu.

Sasa HiRISE. Hiyo ni darubini yenye kioo cha nusu mita, imebebwa na chombo cha MRO kilichorushwa Agosti 2005 na kufika kwenye obiti ya Mirihi Machi 2006. Kinapita kimo cha kilomita 250 hadi 320 hivi. Haipigi picha yote kwa mkupuo mmoja. Inafanya kazi kama mashine ya fotokopi: mstari mwembamba wa sensa umelala kukingama njia ya chombo, chombo kinakwenda zaidi ya kilomita 3 kwa sekunde, na picha inajengeka mstari baada ya mstari, kama mistari 10,000 kila sekunde. Kwa kasi hiyo mwanga unaopatikana ni kidogo mno. Ndiyo maana kipande kile kile cha ardhi husomwa hadi mara 128 kinapopita mbele ya sensa, na masomo yote yakajumlishwa. Hapo ndipo inapopatikana pikseli ya sentimita 25 hadi 30. Jiwe la mita moja unaliona, na kivuli chake unakiona.

Sensa ziko 14. Kumi zina kichujio chekundu, zimepangwa ubavu kwa ubavu, nazo ndizo zinazotoa ile picha pana ya kijivu: pikseli kama 20,000 kwa upana, sawa na kilomita 6 za ardhi. Mbili ni za bluu-kijani na mbili za infraredi ya karibu, yaani mwanga ambao jicho halioni, na hizi nne zimekaa katikati tu. Kwa hiyo rangi inapatikana pale tu ambapo sensa za aina zote tatu zinatazama ardhi moja, upana wa pikseli kama 4,000, kilomita 1.2 hivi. Huo ndio ukanda wako. Na angalia tarehe ya picha: tangu 2023 sensa moja nyekundu ya katikati, RED4, imeharibika, na picha za baada ya hapo zina pengo hapo hapo kwenye ukanda wa rangi. Kwa ukuta wa darasa chagua za kabla ya mwaka huo, ziko maelfu kwa maelfu.

Picha uliyoshusha bila shaka imeandikwa IRB. Maana yake infraredi imewekwa kwenye nyekundu ya skrini, nyekundu imewekwa kwenye kijani, na bluu-kijani imewekwa kwenye bluu. Kila kitu kimesogezwa hatua moja. Vumbi la Mirihi limejaa oksidi za chuma. Linarudisha infraredi na nyekundu kwa wingi, bluu-kijani linaimeza. Basalti inarudisha mwanga kidogo kwenye chaneli zote tatu, yaani vipimo vya kila kichujio, bila tofauti kubwa kati yake. Tuseme vumbi linatoa 200, 150 na 60, na mchanga unatoa 70, 60 na 40. Hizi ni namba za mfano tu, ila mwelekeo wake ndio huo. Ukiziacha zilivyo, picha nzima ni kahawia iliyopooza na jicho halioni mpaka wa mchanga na vumbi vizuri. Watayarishaji hutanua kila chaneli kivyake: thamani ya chini kabisa inapelekwa kwenye sifuri, ya juu inapelekwa mwisho. Baada ya hapo vumbi linakimbilia machungwa na krimu, na mchanga, ambao umepungukiwa nyekundu ukilinganisha na jirani zake, unaangukia upande wa bluu. Bluu hiyo ni kipimo cha upungufu huo, na ni kipimo halisi. Barafu nayo hutoka bluu, lakini bluu nyeupe, inayong'aa. Mchanga ni bluu ya giza. Waonyeshe wanafunzi picha mbili hizo pamoja, moja ya matuta na moja ya jalidi ya kaboni dioksidi karibu na ncha ya kaskazini au ya kusini, wataitambua tofauti wenyewe.

Kwenye kazi yangu hili ni jambo la kila wiki. Picha za Sentinel-2 tukiziweka infraredi kwenye nyekundu, majani mabichi yanatoka mekundu kabisa. Kwenye mikutano ya vijiji naanza na hilo kabla ya jambo lolote: pekundu ni malisho mabichi. Wafugaji wakishalishika wanaisoma ramani haraka kuliko maofisa wengi niliokaa nao mezani, kwa sababu wanaijua ardhi yenyewe na wanatafuta kisima chao, bonde lao, njia ya ng'ombe wao. Wanafunzi wa kidato cha pili watalishika pia.

Na huhitaji kwenda mbali kuwaonyesha mchanga wa namna hiyo. Lile tuta jeusi linalohama karibu na Olduvai ni majivu ya volkeno, asili yake Ol Doinyo Lengai, lina umbo la mwezi mwandamo na linasukumwa na upepo kila mwaka. Ukilisogezea sumaku, chembe zinarukia. Matuta ya umbo hilo hilo yamejaa Mirihi, na HiRISE imeyapiga mara nyingi kiasi kwamba watu wameyapima yakisogea.

Mwenzako wa Fizikia naye mpe kisa cha Mariner 4. Chombo hicho hakikuingia obiti, kilipita tu karibu na Mirihi tarehe 14 Julai 1965, kikapiga picha 22 za kwanza za karibu za sayari hiyo. Kila picha ilikuwa na pikseli 200 kwa 200 na ngazi 64 za mwanga, na zilikuwa zinafika kama mfululizo wa namba, polepole mno, saa nyingi kwa picha moja. Pale JPL, maabara ya NASA huko California, timu ya kinasa data iliyoongozwa na Richard Grumm haikutaka kusubiri kompyuta. Walichapa namba kwenye vipande virefu vya karatasi, wakavibandika ubaoni pamoja, wakanunua chaki za rangi za wachoraji, wakaanza kupaka: namba za kundi hili rangi hii, za kundi lile rangi ile, njano, kahawia, nyekundu. Hiyo ndiyo picha ya kwanza ya rangi ya Mirihi kutoka chombo cha anga. Rangi walizichagua wao, ndiyo, lakini kila namba iliyo chini ya chaki ilipimwa na kamera. Upeo wa sayari ulijitokeza pale ubaoni chini ya mikono yao kabla picha rasmi haijatoka. Nadhani hakuna somo zuri zaidi la kufanya darasani: chapa namba za kipande kidogo cha picha, pikseli 40 kwa 40, mpe kila mwanafunzi safu yake na penseli za rangi.

Kuhusu kutengeneza mwenyewe, inawezekana, na programu zote ni za bure. Tovuti ya HiRISE ya Chuo Kikuu cha Arizona ina ukurasa kwa kila picha. Faili za JP2 ni kubwa, mamia ya megabaiti na zaidi, ziache kwanza. Shusha JPEG ya IRB. Ifungue kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, itenganishe chaneli zake tatu, utapata picha tatu za kijivu. Kaa nazo kidogo kabla ya kufanya lolote. Kwenye chaneli ya infraredi mchanga na vumbi vinaachana sana. Kwenye bluu-kijani vinakaribiana, na kuna ukungu mwembamba juu ya kila kitu. Ukungu huo ni hewa ya Mirihi, ina vumbi linalotawanya mwanga. Tafuta kivuli kizito, ndani ya shimo au nyuma ya mwamba, usome thamani yake kwenye kila chaneli. Kivuli kingetakiwa kukaribia sifuri; kilichozidi ni mwanga wa hewa. Utoe kwenye chaneli nzima. Kisha ziunganishe upya, utaona rangi zimefunguka.

Ukitaka kukaribia kile ambacho jicho lingeona, weka nyekundu kwenye nyekundu na bluu-kijani kwenye kijani. Bluu yenyewe kamera haina, kwa hiyo HiRISE huitengeneza kwa hesabu: thamani ya bluu-kijani mara 2, toa asilimia 30 ya nyekundu. Picha za namna hiyo wanaziita RGB. Hesabu hiyo ni ya thamani za asili, na JPEG zimeshatanuliwa, kwa hiyo siku ukipata intaneti nzuri shusha JP2 moja uifungue kwa QGIS, programu ya ramani, ufanye hesabu humo. Kwa kazi ya macho JPEG inatosha.

MwlJografia

Dada BiRamani, nimesoma mara mbili na nimemsomesha mwalimu wa Fizikia pia, sasa tunakwenda pamoja kwenye hili. Zoezi la namba na penseli za rangi tunalifanya wiki ijayo, yeye atafundisha upande wa mwanga, mimi upande wa ardhi.

Nimetenganisha chaneli kwenye GIMP kama ulivyoeleza. Kivuli nilikipata kwenye ukingo wa kasoko ndogo, nikatoa thamani yake, na kweli ukungu ulipungua, matuta yakatoka yakiwa na sura. Ila kuna jambo linanisumbua. Kwenye kingo kali, hasa mawe na vivuli, kuna mstari mwembamba wa zambarau upande mmoja na wa kijani upande wa pili. Kwenye matuta yenyewe haupo. Je, ni madini, au nimeharibu kitu?

Na la pili: natamani picha nzima iwe na rangi, si ukanda tu. Je, nikichukua rangi za ukanda nikazipaka pembeni kwa kufuata mwangaza, kuna ubaya?

BiRamani

Hujaharibu kitu, na si madini. Sensa za nyekundu, bluu-kijani na infraredi zimepangwa moja nyuma ya nyingine, kwa hiyo kila moja inapita juu ya jiwe lile lile kwa wakati tofauti kidogo, sehemu ndogo ya sekunde. Katika muda huo chombo kinaweza kutikisika kidogo tu, na kwa pikseli ya sentimita 30 ukiwa kilomita 300 juu, mtikisiko mdogo sana tayari ni pikseli moja au mbili. Wataalamu huzipatanisha chaneli kwa programu iitwayo ISIS, ya wanajiolojia wa Marekani walioko Flagstaff, ila hapa na pale upatanisho hauwi kamili. Kwenye tuta laini huoni, kwenye jiwe lenye kivuli unaona pindo la rangi. Halafu mara nyingi bluu-kijani na infraredi hurekodiwa kwa pikseli kubwa zaidi kuliko nyekundu, mbili kwa mbili au nne kwa nne zikijumlishwa, ili mwanga utoshe na data ipungue. Kwa hiyo kingo zake ni butu.

Dawa yake ni hii. Kwenye GIMP weka picha ya rangi kama tabaka la chini, uifute ukali wake kidogo kwa ukungu wa pikseli mbili tatu. Juu yake weka ile ya kijivu ya RED ya eneo hilo hilo, uibadilishe iwe inatoa mwangaza tu. Undani wote sasa unatoka kwenye chaneli moja iliyo kali, rangi inatoka chini ikiwa imelainika, na mapindo ya zambarau yanatoweka. Jicho la mtu linachukua undani kutoka kwenye mwangaza, rangi ikiwa butu kidogo halilalamiki. Ukiona pindo moja kubwa limebaki, sogeza chaneli ya bluu-kijani pikseli moja kulia au kushoto mpaka likae.

La pili nitakuwa mkali kidogo, mwalimu, unisamehe. Usifanye. Mwangaza peke yake hauwezi kukuambia rangi. Mteremko wa vumbi uliogeukia mbali na jua na mchanga mweusi uliotazama jua vinaweza kuwa na kijivu kile kile kabisa. Ukipaka kwa kufuata mwangaza, utawapa wanafunzi mchanga mahali ambapo kuna kivuli tu, na picha itakuwa nzuri mno kiasi kwamba hakuna atakayeshuku. Kwenye ramani za malisho kosa la aina hiyo humpeleka mtu na ng'ombe wake mahali ambapo hakuna jani.

Ipo njia halali. Chombo cha Ulaya na Urusi kiitwacho Trace Gas Orbiter kina kamera ya CaSSIS, iliyotengenezwa chini ya Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi. Iko kimo cha kilomita 400, pikseli yake ni mita 4.5 hivi, na inapiga kwa vichujio vinne. Haina ukali wa HiRISE, ila rangi yake inafunika eneo pana. Kamera ya HRSC ya Mars Express, iliyoingia obiti Desemba 2003, inafunika pana zaidi. Tafuta picha ya CaSSIS ya eneo lako, ikuze ilingane na ya HiRISE, iweke chini kama rangi, ya RED juu kama mwangaza. Hapo kila rangi ya pembeni imepimwa na kamera fulani, hata kama ni kwa pikseli kubwa. Angalia majira tu: kama moja ilipigwa wakati wa jalidi na nyingine kiangazi, hazitapatana, chagua nyingine.

MtuWaMuscat

Assalaam alaykum nyote. Mimi niko Muscat, asili yangu Pemba, nimeufuata mjadala huu kwa furaha. Naomba nimuongezee mwalimu jambo moja. Ukutani weka pia Mirihi nzima, ili watoto wajue hilo tuta liko wapi. Chombo cha Imarati, al-Amal, kiliingia obiti ya Mirihi tarehe 9 Februari 2021, na kamera yake ya EXI ina vichujio vya nyekundu, kijani na bluu hasa, kila kimoja peke yake. Obiti yake iko mbali, baina ya kilomita 20,000 na 43,000, kwa hiyo inaiona sayari nzima kwa mara moja: mawingu meupe juu ya volkeno kubwa za Tharsis, barafu ya kaskazini, na zile nchi nyeusi za basalti zimesambaa kusini. Rangi zake zinakaribia sana za macho. Mwanangu alipoiona alishangaa kuwa Mirihi haikuwa nyekundu kama kwenye vitabu vyake. Imekaa zaidi rangi ya udongo mkavu.

Huku Uarabuni watoto wanaijua picha hiyo. Ningependa sana na wa Singida waijue.

Nungunungu

Nimesoma yote, na nakubali hoja ya vichujio. Sasa BiRamani, nisaidie na Zuhura. Nina picha ya mlima wa volkeno, Maat Mons, ardhi ya machungwa, mitiririko ya lava inang'aa, anga nyeusi. Zuhura imefunikwa na mawingu mazito mwaka mzima. Hiyo kamera ilipiga vipi, na hiyo machungwa ilipimwa na kichujio kipi?

BiRamani

Hakuna kichujio, ndugu yangu. Hapo hakukuwa na kamera wala mwanga wa jua. Chombo cha Magellan kiliingia obiti ya Zuhura Agosti 1990 kikiwa na rada, mawimbi yake ya sentimita 12.6, yanayopenya mawingu na kurudi. Kimeipima asilimia 98 ya sayari kwa njia hiyo. Rada inapima jinsi ardhi inavyorudisha mawimbi: palipo na mawe makali na mparuzo panang'aa, palipo laini panakuwa peusi. Ile mitiririko inayong'aa kwenye picha yako inaonyesha lava yenye uso wa kuparuza. Haina uhusiano wowote na joto, ingawa watu wengi wakiiona wanadhani lava bado inawaka.

Machungwa ilichukuliwa kwingine kabisa. Vyombo vya Kisovieti Venera 13 na Venera 14 vilitua Zuhura Machi 1982 na kutuma picha za rangi za miamba iliyokuwa mbele ya miguu yao. Hewa nzito ya pale huchuja bluu yote, kila kitu kinaonekana cha machungwa. Watayarishaji wa Magellan wakaitia picha ya rada rangi hiyo moja ili ifanane na pale chini. Kwa hiyo rangi iko sawa mahali pote, haisemi lolote kuhusu madini ya mlima huo. Na urefu wa mlima umekuzwa mara nyingi ili uonekane. Ukiusogelea kwa kipimo cha kweli ni mteremko mpole mno kwa upana wake. Mimi naipenda picha hiyo, lakini ukutani ningeiwekea maneno haya haya chini yake, kwa herufi za kusomeka kutoka dawati la nyuma.

Na hapa ndipo naposisitiza kwa mwalimu pia. Kila picha iwe na maelezo: jina la kamera, mwaka, vichujio gani vimekwenda kwenye rangi gani, na pikseli ni ukubwa gani ardhini.

MwlJografia

Nimeelewa, dada. Maelezo ya ile ya Proctor nimeyaandika hivi: "Matuta ya mchanga wa basalti, kasoko ya Proctor, Mirihi. Kamera ya HiRISE. Infraredi imeonyeshwa kama nyekundu, nyekundu kama kijani, bluu-kijani kama bluu. Rangi zimetanuliwa, jicho lingeona mchanga wa kijivu cha giza. NASA/JPL-Caltech/University of Arizona." Imekaa sawa?

MtuWaMuscat, shukrani sana kaka. Picha ya al-Amal inawekwa katikati ya ukuta.

La mwisho: nichapishe ukubwa gani? Na wanafunzi wengine wanaona kasoko kama vilima vilivyotuna, wengine wanaona mashimo. Wanabishana kweli kweli.

BiRamani

Maelezo yamekaa sawa, ongeza tu kipimo: mstari mmoja chini ya picha unaoonyesha mita 200 ni urefu gani.

Ukubwa: ukanda wa rangi una pikseli kama 4,000 kwa upana, kwa hiyo ukichapisha kwa pikseli 150 kwa inchi unapata karibu sentimita 68. Kwa picha ya kutazamwa kutoka hatua mbili inatosha kabisa, usiikuze zaidi. Ukifika kwa mchapaji mwambie asibonyeze ile sehemu ya kurekebisha rangi yenyewe. Programu hiyo itaona machungwa mengi, itadhani picha imekosewa, itaisawazisha, na vumbi lako litatoka kijivu. Omba kipande kidogo cha majaribio kwanza, ukilinganishe na skrini.

Ugomvi wa mashimo na vilima una jibu. Chombo cha MRO hupita kwenye maeneo mengi majira ya saa 9 alasiri kwa saa za Mirihi, jua likiwa magharibi. Picha zilizokwisha kupangwa kama ramani zina kaskazini juu, kwa hiyo mwanga unatoka kushoto. Kasoko ina kivuli upande wa kushoto ndani yake, kilima kina kivuli upande wa kulia. Chora mshale wa jua kwenye kona ya kila picha. Kama bado kuna anayeona vilima, mgeuzie picha juu chini kwa muda, kisha uirudishe.